Kipande cha Nne

Kazini walimwita Bibi Friza, na hakuwa na ubishi nao, maana kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kuutia udongo kwenye friza na kuutoa. Aliuchanganya, akaushindilia kwenye vibati vya mviringo mpaka ukawa silinda ngumu za kimo cha chupa ya maji, akaziacha zikauke, kisha akaanza kuzitesa: siku moja kwenye friza zigande, siku moja kwenye kasha lenye unyevu ziyeyuke, tena friza, tena kasha, mara kumi na mbili. Mwishowe aliziweka chini ya mashine ya kukandamiza, akaandika zimevunjika kwa uzito gani.

Mji wao ulikuwa wa baridi kali. Maji yaliyojificha ardhini yaligeuka barafu, yakavimba, yakauinua udongo, na theluji ilipokwisha barabara za vumbi zilibaki uji. Kila mwaka ilikuwa hivyo. Gari la mkate lilikwama, gari la wagonjwa lilikwama, na watu wakaitukana idara ya barabara kuanzia mkurugenzi mpaka mlinzi wa geti.

Mumewe alikuwa mhandisi katika idara hiyohiyo, na ndiye aliyeleta yale maji meusi. Yalikuwa mabaki ya kiwanda cha karatasi, maji mazito yanayobaki magogo yakishachemshwa, yenye harufu ya sukari iliyoungua. Ukiyachanganya na udongo pamoja na nyuzi za katani zilizokatwa urefu wa kidole, udongo unashikana, na maji ya barafu yanakosa pa kupenya. Vibarua waliyaita asali ya magogo. Mmoja wao aliwahi kuyaonja kwa kutiwa ujinga na wenzake, akashinda siku nzima anatema mate.

"Kwa nini si saruji? Kwa nini si chokaa, kama siku zote?" watu walimuuliza.

Mhandisi aliwapeleka kwenye kijito kilichopita chini ya barabara ya zahanati. Miaka miwili nyuma barabara hiyo ilitiwa chokaa, mvua ikaikokota mpaka majini, na samaki wakaelea matumbo juu.

"Tunatibu barabara, tunaua kijito," alisema. "Dawa gani hiyo?"

Aliyekuwa mgumu kushawishika ni baba yake. Huyu alikuwa amesimamia vibarua wa barabara kwa miaka thelathini na mmoja, na jina lake la kazini lilikuwa Mzee Shindilia, kwa kuwa ndilo neno alilopigia kelele kutwa nzima nyuma ya rola, lile gari la gurudumu la chuma. "Shindilia! Shindilia bwana, unaibembeleza?" Saruji aliiamini kuliko alivyomwamini daktari.

"Lakini baba, hata saruji hupasuka kwa baridi yetu hii," mwanawe alimwambia.

"Inapasuka kiume, kwa kishindo," Mzee alijibu. "Hiyo yako itayeyuka kimyakimya kama mdeni anayetoroka."

Ila mtoto ni mtoto, na huyu alikuwa wa pekee. Idara ilipotoa kibali cha kujaribu mita mia nne za barabara ya zahanati, Mzee aliomba mwenyewe kusimamia kazi. Waligawa mita zile vipande vinne, mia mia, ili kila kimoja kipimwe peke yake. Bibi Friza alikuja kila siku na ndoo zake, akachota udongo uliochanganywa, akaupeleka maabara. Aliwakuta baba na mwana wakibishana juu ya kiasi cha maji, mmoja ameshika kipimo, mwingine amefinyanga tonge la udongo kiganjani na kuliangusha chini aone linavyopasuka. Mara nyingi majibu yalikuwa sawasawa, jambo lililomuudhi mhandisi na kumfurahisha Mzee kupita kiasi.

Vipande vitatu vilitandazwa mwishoni mwa majira ya joto, vikakauka vizuri. Kisha mapipa ya maji meusi yakachelewa. Mtambo wa kiwandani uliharibika, wakangoja wiki tatu, na mapipa yalipofika, nyasi za asubuhi zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe.

Jioni hiyo walikuwa mezani nyumbani kwa wazee, maana mhandisi na mkewe waliishi nao, vyumba viwili vya upande wa nyuma. Mhandisi alisema kipande cha nne kisubiri mwaka ujao. Mchanganyiko ulihitaji angalau siku kumi za joto kabla ya baridi kuuvamia, na siku hizo hazikuwepo tena.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," Mzee alisema. "Vibarua wapo, rola ipo, mapipa yamefika. Mwaka ujao nani atakupa tena? Watasema mtoto wa Shindilia kaiacha kazi njiani."

"Baba, udongo haujui mimi ni mtoto wa nani."

Mama mkwe alicheka. Mzee hakucheka. Aliendelea na hoja yake mpaka sahani zikaondolewa, na mpaka chai, na asubuhi akaianza tena mlangoni huku akivaa viatu. Mhandisi alimtazama, akavuta pumzi, akasema, "Haya baba. Tumalize."

Walimaliza kwa siku mbili, chini ya manyunyu ya baridi yaliyopenya makoti. Mhandisi alisimama pale tangu kunakucha mpaka giza linaingia, akipima joto la udongo kila baada ya saa moja na kuandika kwenye daftari lake. Alirudi nyumbani na kikohozi. Mkewe alimchemshia maji ya tangawizi, akamsugua mgongo, akamfanyia mzaha kwamba sasa naye amegandishwa na kuyeyushwa. Kikohozi kilishuka kifuani. Homa ya mapafu, daktari alisema, wakamlaza. Siku ya kumi na tisa alifariki, saa nne asubuhi, mkewe akiwa ameshuka chini kununua maji ya kunywa. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

Theluji ilianza wiki ya mazishi.

Mwenzake wa maabara alijitolea kuzimalizia zile silinda za marehemu zilizokuwa bado frizani. Bibi Friza alikataa. "Zimebaki mara tano," alisema, akavaa glavu. Alizitoa, akaziweka kwenye kasha, akakaa kwenye kigoda akizitazama zikitoka jasho, na ni pale, mbele ya udongo, ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu mazishini. Nyumbani hakuweza. Nyumbani kulikuwa na mama mkwe, ambaye akimwona machozi naye alianguka, na Mzee, ambaye akiona machozi alitoka nje bila kofia.

Silinda zilipovunjwa, zilikuwa zimebaki na nguvu karibu yote. Alikwenda mbio kumwambia Mzee. Alimkuta barabarani, ameinama, anapangusa theluji ukingoni mwa kipande cha kwanza kwa kiganja kitupu.

"Sikukwambia?" Mzee alisema, kana kwamba ndiye aliyeutetea mchanganyiko ule tangu mwanzo. "Ngojeni theluji iishe. Mtaiona kazi ya mwanangu."

Akawa anasema hivyo kila mahali: kwa kinyozi, kwa muuza mkaa, kwa watu waliokuja kumpa pole. Idara nayo ilitangaza kwamba barabara ikistahimili, mchanganyiko utapelekwa barabara ndefu ya mlimani, kilomita sitini. Mama mkwe alianza kuogopa. "Mume wangu ameiweka roho yake pale chini," alimwambia mkwewe wakichambua mboga. "Barabara ni barabara tu, mwanangu. Ikiharibika je?"

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Bibi Friza alitumwa mji mkubwa kupeleka kipimo cha mashine kikakaguliwe. Alikaa huko siku nne. Aliporudi, hakupita nyumbani. Alishukia barabara ya zahanati na mkoba wake mkononi, akaikuta imenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, rangi ya kahawia, imara chini ya kiatu. Alitembea mita zote mia nne. Kando ya barabara, pasipotiwa kitu, mtu angezama mpaka goti.

"Imesimama yote," Mzee alimwambia jioni. Hakumtazama usoni, lakini Bibi Friza hakulitilia maanani, kwa kuwa siku hizo hakuna aliyemtazama mwenzake usoni nyumbani mle. Alichokiona ni mikono. Vidole vya Mzee vilikuwa vimepasukapasuka, ngozi nyeupe kama unga, na mama mkwe alikuwa akimpaka mafuta huku anamgombeza.

"Baridi," Mzee alisema.

"Baridi gani, na jua limetoka?" mkewe alijibu. "Mtu mzima huvai hata glavu!"

Mkaguzi kutoka makao makuu alitarajiwa wiki iliyofuata. Siku moja kabla, Bibi Friza alipeleka mashine ya kutoboa barabarani, atoe sampuli moja kila kipande. Cha kwanza kilitoka safi, udongo mgumu wenye nyuzi zilizosokotana ndani. Cha pili vilevile. Cha tatu vilevile, na hapo alianza kuimba chini kwa chini. Kwenye cha nne sauti ya mashine ilibadilika. Ilikwaruza. Sampuli ilitoka nzito kuliko nyingine, na alipoigeuza juani hakuona uzi hata mmoja.

Aliifunga kwenye karatasi ya plastiki, akaenda nayo maabara, akafunga mlango. Kabatini kulikuwa na kichupa cha dawa isiyo na rangi. Ukiidondosha kwenye udongo wa kawaida haifanyi kitu. Ikigusa saruji au chokaa, hugeuka waridi palepale. Alidondosha kwenye sampuli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zilibaki kahawia. Alidondosha kwenye ya nne. Ilikolea waridi, tone likatambaa na kuteremka ubavuni.

Aliifunga tena sampuli ile kwenye plastiki. Kisha akaenda karakana.

Mzee alikuwa ameketi juu ya pipa lililofudikizwa, anachagua majembe yaliyolegea mipini. Alimwona akija, akajua.

"Baba, kipande cha nne kina saruji."

"Nani kasema?"

"Dawa imesema."

Mzee aliweka jembe chini taratibu. Hakukana. Pengine alikuwa amechoka kulibeba peke yake, maana maneno yalimtoka kwa pamoja. "Ulikuwa umeondoka. Asubuhi ya pili nilikwenda kama kawaida yangu, nikakuta gari la maziwa limezama. Nikakanyaga, nikazama mimi, kiatu kikabaki. Mita mia nzima, mwanangu. Uji mtupu. Nikasema, la. Watu hawapiti hapa wakaweka mikono mdomoni, wakasema marehemu alikuwa akicheza na matope. Nikaweka kibao, barabara imefungwa. Nikamwita dereva wa rola na vijana wanne wanaoweza kufunga midomo. Tukauchimba wote, tukautupa korongoni. Tukatia saruji, na juu nikanyunyizia yale maji meusi yaliyobaki, ili ifanane."

"Na vile vitatu, baba? Uliviangalia?"

"Vitatu vipi?"

"Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Vimesimama. Nimevipima leo, ni vigumu kama siku vilipotandazwa. Mwanao alikuwa sawa."

"Basi andika vinne," Mzee alisema upesi. Alisimama, akamshika mkono kwa ile mikono yake iliyochanika. "Andika vinne. Neno moja tu, nani atalijua?"

"Wakiamini vinne, wataupeleka mchanganyiko mlimani bila kujua unashindwa wapi. Kule kunapita mabasi ya shule. Kuna makorongo."

"Watu wa mlimani wana wahandisi wao."

"Baba, watasoma nilichoandika mimi."

Mzee aliuachia mkono wake. "Mwanangu amekufa mara moja," alisema. "Wewe unataka kumzika mara ya pili, na koleo ulishike mwenyewe?"

Bibi Friza alirudi maabara akitembea kama mtu aliyepigwa, akafungua daftari la mumewe, ambalo tangu msiba alikuwa hajathubutu kulifungua. Ukurasa wa mwisho wenye maandishi ulikuwa wa siku ile ya manyunyu. Joto la udongo, nyuzi mbili. Saa iliyofuata, nyuzi moja na nusu. Na chini yake, kwa mwandiko wa haraka: *Nilimwambia baba tusubiri, kisha nikakubali. Kikishindwa, kosa ni langu. Mhandisi ni mimi, si yeye.*

Alilifunga, akalitia kwenye droo, akageuza ufunguo.

Ripoti aliiandika siku hiyohiyo. Ilikuwa ya kurasa mbili, na haikuwa na uongo ndani yake.

Kikao kilifanyika ghorofa ya pili ya idara, kwenye meza ndefu iliyobabuka. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani ameiinulia kwenye paji la uso, na hakuwa mtu mbaya. Alisoma kurasa zote mbili kwa utulivu. Mzee aliketi karibu na mlango, amevaa koti lake la mazishi.

"Kwa hiyo hiki cha nne kilifumuliwa na kutiwa saruji," mkaguzi alisema. "Kabla hakijapimwa."

"Ndiyo," Bibi Friza alisema. "Lakini vitatu havikuguswa, na vimestahimili. Ninaamini cha nne kilishindwa kwa sababu kilitandazwa baridi ikiwa imeshaanza. Mchanganyiko ukipata siku kumi za joto, unasimama."

"Unaamini. Udongo wenyewe ulioshindwa uko wapi, tuupime?"

"Ulitupwa korongoni. Umechanganyika na mwingine."

"Na nani aliamua kutandaza katika baridi?"

Bibi Friza aliliona kwa pembe ya jicho lile koti jeusi karibu na mlango. Lilikuwa limetulia kabisa.

"Mhandisi," alisema. "Mhandisi mwenyewe."

Mkaguzi aliandika. Kisha akateremsha miwani na kusema kwa upole, na upole ule ndio uliomuuma zaidi, kwamba anasikitika. Jaribio lililotiwa mkono kabla ya kupimwa haliwezi kutumika. Nani atakayemhakikishia mkurugenzi kwamba vile vitatu navyo havikufanyiwa ujanja mwingine usioonekana kwa dawa? Na mhandisi aliyekiuka kipimo chake mwenyewe, kazi yake nyingine ataiaminije? Barabara itachimbwa yote itakapokuja joto, itajengwa kwa saruji. Faili likafungwa. Mzee alipewa barua ya kustaafu mapema, kwa heshima ya miaka yake.

Alitoka chumbani bila kumngoja mkwewe.

Baada ya hapo nyumba ikawa ya watu watatu wasiosikika. Mzee hakumsemesha Bibi Friza. Akitaka jambo alimpitishia mkewe, hata wakiwa meza moja. "Mwambie mkweo chumvi imepungua," alisema siku moja, na kopo la chumvi liko mbele ya mkono wake mwenyewe. Mama mkwe aliliinua kopo, akaligonga mezani.

"Mimi sikuzaa wengi," alisema. "Nilizaa mmoja, nimemzika. Nimebakiwa na watu wawili, nao wamegeuka ukuta. Chumvi hiyo, jitilie!"

Akaondoka mezani, akaenda kulala mchana kweupe. Wale wawili walibaki, wakala mboga isiyo na chumvi mpaka ikaisha.

Ndani ya chumba chake Bibi Friza aliwaza sana juu ya lile neno alilolisema kikaoni. Mhandisi mwenyewe. Alikuwa amemkinga baba kwa kumchafua mwana, na hakuwa na wa kumuuliza kama alifanya sawa, kwa sababu wa kumuuliza ndiye huyohuyo. Koti la kazi la mumewe lilikuwa bado nyuma ya mlango na ile harufu yake ya sukari iliyoungua. Ilikuwa inapungua. Alilisogelea kila siku kidogo zaidi ili aipate, na siku moja akaweka uso wake wote ndani ya bitana, asisikie kitu.

Joto lilipokuja, mkandarasi alileta mashine ya kuchimba. Bibi Friza alikwenda kuchukua sampuli za mwisho, si kwa kutumwa na mtu. Alimkuta Mzee amesimama ukingoni, amevaa mavazi yake ya kazi kana kwamba bado anasimamia. Walisimama mbalimbali, kama hatua ishirini.

Mashine ilianzia upande wa zahanati, kwenye kipande cha kwanza. Meno yake yalishuka, yakaparura, yakateleza. Dereva akainua, akashusha tena kwa nguvu, mashine ikatikisika nzima nzima. Baada ya robo saa alizima injini, akachungulia nje.

"Hii kitu aliijenga nani?" alipiga kelele kwa hasira. "Mliniambia ni barabara mbovu! Mnanivunjia meno ya mashine!"

Akawasha, akaendelea kupigana nayo. Kipande cha kwanza kilimchukua siku nzima, na ilikuwa alasiri, vumbi la kahawia limetanda, Mzee alipozivuka zile hatua ishirini.

"Siku ile mkaguzi alipouliza," alisema, sauti imekauka kwa kutotumika, "ulisema ni mhandisi."

"Ndiyo, baba."

"Ni mimi."

"Mwenyewe aliandika kwamba kosa ni..."

"Najua mwanangu angeandika nini. Sikuulizi yeye. Nakuuliza wewe, mwenye kupima."

Angeweza kumpunguzia. Alifikiria kusema mapipa yalichelewa, mtambo uliharibika, hali ya hewa. Yote yalikuwa kweli. Lakini Mzee alikuwa anamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na alikuwa anauliza.

"Ulimsukuma, baba," alisema. "Naye akakubali."

Mzee alitikisa kichwa, mara moja, mara mbili. "Hivi vitatu angebaki navyo," alisema. "Angeacha cha nne, leo watu wangekuwa mlimani wanatandaza kazi yake. Hata kilipoanguka, ningekiacha kilivyo, mngepima, mngejua. Nilikifumua kwa mikono yangu hii. Halafu nikaketi pale mlangoni, nakusikia unamtia doa mume wako kwa ajili yangu, nikanyamaza. Nikanyamaza, mwanangu. Na ile mvua. Ile mvua ya siku mbili, mimi nili..."

Hakuimaliza. Aliketi chini pale pale ukingoni, kwenye vumbi, akalia kwa sauti, mdomo wazi, kama watoto wanavyolia. Bibi Friza alitaka kumwambia kwamba mvua haikuwa kosa lake. Lakini hata yeye, siku nyingine, alimlaumu kwa mvua ile. Aliketi kando yake, bega kwa bega, naye akalia. Dereva wa mashine alidhani mzee ameanguka kwa jua. Alizima injini, akaja anakimbia na chupa ya maji, akasimama mbele yao asijue ampe nani.

Kesho yake Mzee alivaa lile koti jeusi, akapanda basi mpaka makao makuu, akaomba kumwona mkaguzi. Alisubiri kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa nane. Alieleza yote: nani alilazimisha, nani alikataa, nani alikubali kwa ajili ya heshima ya baba. Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akaandika ukurasa mzima, akamsindikiza hadi mlangoni. Ukurasa ule ulitiwa kwenye faili, na faili likarudishwa kabatini. Barabara ya zahanati ikajengwa kwa saruji. Ya mlimani vilevile.

Mwisho wa majira ya joto Bibi Friza aliomba uhamisho. Maabara kuu ya mji mkubwa ilikuwa inatafuta fundi wa kuvunja vipande vya zege kwenye mashine, kutwa nzima, na aliona heri hiyo kuliko kupita kila siku pale. Mama mkwe hakumzuia. Alimkunjia nguo moja moja, akizifungua na kuzikunja upya, na kila baada ya muda akasema, "Utakuja. Si utakuja?"

"Nitakuja, mama."

Mzee ndiye aliyembebea begi mpaka kituoni. Njiani waliongea habari za bei ya mkaa na paa la jikoni linalovuja. Basi lilikuwa limeshawasha injini. Aliliweka begi kwenye buti la basi, akahakikisha limefungwa, akarudi mlangoni alikosimama kondakta na tiketi zake.

"Huyu ni binti yangu," alimwambia. "Mtafutie kiti cha katikati. Hapa mlangoni kuna baridi."

Kondakta akasema sawa, mzee. Bibi Friza alipanda, akapewa kiti cha katikati, upande wa pili, ambapo hakuweza kumwona.